Asiye na Mdomo

"Etagegn, unamnyima mke wa mwanao chakula! Kabaki mifupa!" jirani alifoka uani.

"Anakula kushinda wanaume, shoga! Njoo umwone anayemla."

Ndani ya beseni, baada ya binti huyo kunywa koso, dawa chungu ya kutoa minyoo, tegu alilala kama utepe mweupe, bado akijikunja. Jirani aliinama kutafuta mdomo.

"Hana," Etagegn alinong'ona. "Wala tumbo hana. Anafyonza kwa ngozi kila tonge analomeza binti."

"Na kichwa?"

Walimgeuza kwa kijiti hadi ncha nyembamba. Kichwa hakikuwepo. Kikibaki ndani, ataota upya.

Binti akatokea mlangoni na kisu, mkono mmoja tumboni.

"Mama, mkaribishe jirani tule. Nyama imeletwa, tuile mbichi ingali na joto."