Mayo Wee

Kabla Dominiko hajamaliza kusema kwamba Wiliam amekufa maji, Kristiana alikuwa ameshauangalia mfuko wa shati la mzee huyo. Simu ilikuwa humo, imechomoza nusu. Aliendelea kupepeta ulezi wake.

"Umenisikia, Mama Wiliam?"

Alimsikia vizuri. Boti ya mizigo ilizama ziwani jana alasiri ikitoka Kasanga na saruji ya kupeleka Zambia. Watu wawili hawakufika ufukweni, mmoja wao ni Wiliam, mwanawe wa pekee. Mwili ulipatikana alfajiri, wenzake wanautafutia gari. Yeye Dominiko alikuwa hukohuko Kasanga akipiga gitaa kwenye baa, akajitolea kutangulia mpaka hapa Mollo kwa sababu mama wa marehemu anamfahamu. Uongo umepangwa ukapangika, Kristiana aliwaza. Hata jina amelibadilisha. Siku zote alimwita Kristiana, leo ndiyo amekuwa Mama Wiliam.

Dominiko ni mwanamuziki wa wimbo mmoja. Mwaka 1987 bendi yake ilirekodi "Nitarudi Namanyere", nchi nzima ikaucheza, na tangu hapo hajatoa kitu ambacho hata jirani yake angekikumbuka. Wanaoupenda wimbo ule hawamjui yeye. Wanachokijua ni kilio cha mwisho, pale gitaa linaponyamaza na msichana akalia "Mayo wee! Mayo wee!", akimlilia mama yake kwa Kifipa mpaka sauti inakatika. Kwenye baa huongeza sauti hapo. Walevi wanalia pamoja naye, halafu wanacheka.

Msichana huyo alikuwa Kristiana, mwitikiaji wa bendi, miaka kumi na sita. Siku ya kurekodi alijaribu kulia mara tisa, na mara zote tisa kilikuwa kilio cha kuigiza. Dominiko akatoka nje, akarudi uso umemshuka, akamwambia zimefika habari kutoka Mtowisa, mama yake hatunaye tena. Akaapa kwa Mungu. Mashine zilikuwa zimeshawashwa.

Siku ya tatu mama yake alipanda kutoka bondeni na mchele kichwani, mzima wa afya. Dominiko alicheka hadi akakaa chini. Kristiana hakuimba tena. Kwa miaka karibu arobaini watu wa sokoni wamemwita Mayo Wee, naye hajamsamehe Dominiko, na asingemsamehe hata kama padri angempigia magoti.

Mwaka huu Dominiko alishakuja mara mbili kumbembeleza. Kuna kijana mwenye studio anataka kuurudia wimbo, ila kanda ya zamani inakwaruza, anataka kilio kipya. Mzee aliona ndiyo nafasi yake ya mwisho duniani ya kusikika redioni. Mara zote mbili alifukuzwa. Ya pili aliondoka akisema haina shida, siku moja kilio kitakuja chenyewe.

"Safari hii ni kweli," alisema sasa. "Naapa."

"Hata safari ile uliapa."

Kristiana alijipangusa mikono, akampigia mwanawe. Hapatikani. Lakini ziwani mtandao ni wa kubahatisha, na Wiliam mwenyewe alimwambia asimtafute mpaka Jumamosi. Dominiko bila shaka amelijua hilo, ndiyo maana akaichagua wiki hii.

Fransiska wa nyumba ya pili aliingia uani, akasikia habari, akashika kichwa na kufungua mdomo ili alie. Kristiana alimwahi.

"Nyamaza. Usimpe."

Kisha akanyoosha mkono, akaichomoa simu mfukoni mwa Dominiko. Kioo kilikuwa kinawaka, sekunde zinakimbia: dakika kumi na moja na kitu. Alimwonyesha Fransiska, na Fransiska akamporomoshea mzee wa watu matusi ya Kifipa, mengine hayajasikika Mollo tangu bibi yake azikwe.

Kristiana hakutukana. Aliisogeza simu mdomoni, akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha kutoka tumboni, alichokuwa amekiweka akiba tangu usichana wake, na machozi yalipomtoka aliyafuta upesi Dominiko asije akayahesabu kuwa yake. Fransiska naye akaangua. Walimcheka Dominiko, wakaicheka boti yake, wakaicheka na maiti yake ya kutunga.

"Kama ni kweli," Kristiana aliuliza alipopata pumzi, "simu ilikuwa inarekodi nini?"

Dominiko alinyoosha mkono kuidai simu. Alirudishiwa simu yake, akaambiwa njia ni ileile aliyojia. Alikwenda mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akakalia kinu kilicholazwa pale, akatazama barabarani. Mtu aliyeumbuliwa kwa kawaida huondoka. Kristiana alijiuliza mara moja tu anasubiri nini, kisha akarudi kwenye ungo wake. Alikuwa na furaha, tuseme ukweli, furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu amzae Wiliam. Akaanza kuimba "Nitarudi Namanyere" toka mwanzo, beti zote na viitikio vyote, kwa sauti, ili amkere.

Alikuwa amefika pale ambapo gitaa hunyamaza, lori likakata kona ya kanisani. Lilikuja polepole, taa zimewashwa mchana kweupe, matawi yamefungwa mbele. Nyuma vijana wa boti walikaa wamezunguka kitu kirefu kilichofunikwa kwa kanga.

Ungo ulianguka.

Dominiko alifuta kioo cha simu kwa pindo la shati, akabonyeza, akaja kusimama karibu naye.