Kikombe Kimoja

Bomba la jikoni kwangu hunitazama usoni, hupima faida yangu kwa taifa, kisha hutoa kikombe kimoja. Nina miaka sabini na mmoja. Wenye faida hujaziwa ndoo. Kwa hiyo kila asubuhi mimi huazima mtoto wa jirani yangu Nyamizi, kama tulivyokuwa tukiazima chumvi. Nikimpakata mbele ya bomba, ndoo inajaa.

Leo Nyamizi alinizuia mlangoni.

"Nisamehe, bibi. Wamesema nikikuazima mtoto tena, watampunguzia na yeye."

"Nilimzalisha mama yako, nikakuzalisha na wewe. Mikono hii imepokea nusu ya mtaa huu. Hiyo waliihesabu wapi?"

Mtoto akaninyooshea mikono, kama kila siku. Mama yake akamgeuza uso ukutani, akafunga mlango.