Gambuti la Telesphory

Kitu cha kwanza kutoka majini kilikuwa gambuti. Lilikuwa limeshikwa na mkono, na baada ya mkono kikatoka kichwa cha Martini, mzamiaji kutoka Gungu, midomo yake rangi ya zambarau kwa baridi.

Huko chini mita arobaini, alisema akitetemeka, jua halijawahi kufika, na baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Boti ipo, imelala ubavu. Na huu mfupa uliomo ndani ya gambuti aliuokota kando, akautia humo usije ukamponyoka.

Hayo ya mwisho hakuna aliyeyasikia. Ufukwe mzima wa Ilagala ulikuwa umeshaanza kulia.

Aliyemwita Martini ni Nikodemu, na alimwita kwa upendo. Miaka ishirini na moja hakuwahi kumkumbuka kaka yake Telesphory hata kwa mshumaa mmoja. Lakini mwaka huu michikichi ya kaka yake ilipozaa kuliko ya kila mtu, upendo ukamshika ghafla, kama tumbo la kuendesha. Akaitisha kikao cha ukoo. Akasema shemeji yake, Yunisi, anajiita mjane, lakini kaburi liko wapi? Mzamiaji ashuke kwenye ile boti iliyozama naye. Akikuta mabaki ya Telesphory, yazikwe, na nyumba na michikichi vibaki kwa mjane. Asipokuta kitu, basi Telesphory hajafa, ni msafiri tu, na vitu vyake atavitunza mdogo wake mpaka arudi.

Ukoo ukakubali. Ukoo ulikuwa unakula ubwabwa wa Nikodemu tangu asubuhi.

Yunisi hakubisha. Alisema sawa, na wakimkuta wamsalimie.

Hata habari ya msiba, siku zile, ilitoka kwake. Boti ilizama ikirudi kutoka Ujiji na mbuzi wa harusi, na Telesphory ndiye aliyekuwa fundi wa injini. Aliyeokoka ni mmoja tu, Bonifasi, aliyeng'ang'ania dumu tupu la mawese mpaka wavuvi walipomwokota. Huyo Bonifasi alikuwa mtu wa kumeza maneno, nusu Kiha, nusu kikohozi. Kumwelewa kulitaka subira, na mwenye subira pale kijijini alikuwa Yunisi peke yake. Akakaa naye jikoni, mlango umerudishwa, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka, kanga kichwani, akasema neno moja: kazama. Vilio vikapokea. Bonifasi akahamia Kidahwe, mbali na maji, akafia huko kwa malaria, na hakuna mtu mwingine aliyejisumbua kumwuliza.

Sasa Nikodemu alilichukua lile gambuti, akaligeuza. Kisigino kilikuwa na kiraka chekundu cha mpira wa baiskeli, kimeshonwa kwa waya. Alikijua. Alikishona mwenyewe, enzi zile walipokuwa bado ndugu.

"Hili si lake," akajaribu.

"Shemeji," Yunisi akasema taratibu, "kiraka hicho ulijisifia kijiji kizima mwaka mzima. Leo unakikana?"

Watu wakacheka katikati ya kilio, jambo ambalo Ilagala wanaliweza.

Nikodemu akahamia kwenye mfupa. Akaupimisha na paja lake. Kaka yake alikuwa mrefu, alisema, mlangoni alikuwa akiinama, na mfupa huu ni mfupi. Katekista Feliksi, ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu, akaeleza kwamba ukikaa majini miaka ishirini na moja lazima upungue, mbona hata sabuni hupungua. Elimu hiyo ikapokelewa kwa heshima. Martini akafungua mdomo aseme kitu. Yunisi akamshikisha kikombe cha uji wa moto.

"Kunywa, mjukuu wangu. Umefanya kazi kubwa, usijichoshe na maneno."

Martini akanywa. Baridi kweli ilikuwa kali.

Wakazika siku ileile saa kumi. Mfupa ule mmoja ukalazwa katika jeneza la mtu mzima, na gambuti likawekwa upande wa miguuni, ili marehemu asivurugike mpangilio. Nikodemu alilia kuliko wote, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli kabisa, maana alilia akiitazama michikichi. Yunisi akatupa konzi tatu za udongo, akapewa kiti cha mbele, akaitwa mjane mbele ya mashahidi mia mbili. Kaburi likasakafiwa kwa saruji, ambayo Nikodemu alishaahidi kwenye kikao kwamba ataitoa, alipokuwa na hakika haitahitajika.

Watu walipokwenda kunawa na kula, Yunisi akaomba aachwe kidogo azungumze na mumewe. Wakamwacha, wengine wakifuta macho. Akalipita kaburi, akapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali mtandao unaposhika, akafungua pindo la kanga, akatoa simu, akabonyeza namba ndefu ya Zambia.

"Baba Veneranda," alisema kwa upole wake uleule, "ulisema umezeeka, unataka kurudi Krismasi. Utarudi wapi? Tumekuzika leo, wewe na gambuti lako na paja la mbuzi. Bonifasi aliniambia umeshukia Ujiji, magambuti umeyaacha botini, umezamia Mpulungu kwa yule mama wa dagaa. Mimi nikakusitiri, nikawaambia umezama. Sasa na wewe nisitiri, mume wangu. Endelea kuwa marehemu."