Kata ya Kwanza

Kisima kilifungwa kwa jiwe tangu maji yake yalipoua watu. Asubuhi hiyo jiwe lilisogezwa, na mji mzima ukasimama mbali ukitazama.

Bi Mwanaidi, msuka mikeka, alisema Mungu amemwambia maji yamesafika. Desturi ya mji ilijulikana: aletaye neno la Mungu bila shahidi hunywa kata ya kwanza mwenyewe.

Jumbe Mbaruku, mkuu wa mji, alichota kwenye ndoo kwa kata ya kifuu, lakini hakumpa.

"Nani mwingine alisikia?"

"Nilikuwa peke yangu, nasali."

"Basi huna ushahidi, mama. Hata mwenye homa husikia sauti. Rudi nyumbani, hakuna atakayekucheka."

"Wewe umewahi kuitwa, Jumbe?"

"Sijawahi."

"Ndiyo maana unauliza."

Akaichukua kata mkononi mwake, akanywa yote, akaiweka chini, akaketi ukingoni mwa kisima. Uso wake ulitulia mno. Hakuna aliyeweza kujua kama ile ni amani au ni sumu.

Jumbe aliokota kata, akainama amwangalie vizuri. Ndipo alipolisikia jina lake la utotoni, ambalo marehemu mama yake pekee ndiye aliyekuwa akilitumia, likipanda taratibu kutoka chini kisimani.

"Chota," sauti ikasema.

Aligeuka haraka. Katika umati wote hakuna aliyeshtuka.

"Nani mwingine..." alianza.

Alipotazama chini, aliona mkono wake umeshachota.