Upande wa Kulia Juu

Mwanakheri alifika Japani, mji wa marehemu mumewe Tetsuya, siku tisa baada ya mazishi, kwa kuwa viza ilichelewa. Asubuhi ile mama mkwe wake, Bi Shizue, alimpa kimono cheusi, vazi refu la kwao, cha kuendea makaburini. Akaingia chumbani, akajifunga kama anavyojifunga kanga kwao, upande wa kulia ukalala juu ya wa kushoto.

Bi Shizue alipomwona, mkanda wa kukifungia kimono ulimponyoka mikononi.

"Fungua, mwanangu. Aliye hai huweka kushoto juu. Hivyo ulivyofunga ndivyo tunavyomvika maiti."

Mwanakheri akashika pindo afungue upesi, kisha mkono ukasita.

"Na Tetsuya, mama, mlimvika hivi?"

"Nilimvika mwenyewe. Hivyo hivyo."

Mwanakheri akageukia kioo. Tangu habari imfikie alikuwa akijaribu kumwona akilini mumewe alivyokuwa siku ile ya mwisho, asiweze.

"Basi niache hivi hivi kidogo, mama."

Bi Shizue aliokota mkanda akaja kusimama nyuma yake. Hakumfunga. Alinyoosha mkono akamlaza vizuri ukosi shingoni, polepole, kama mtu anayerudia kazi aliyoifanya kwa haraka.