Namba ya Shaweji

Kioo cha simu ya Shaweji, marehemu mumewe, kilikuwa kinazimikazimika, kwa hiyo Tatu akaanza kuzipandisha sauti zake zilizorekodiwa humo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Programu ikadai namba ya kibali, ikasema imeituma kwenye laini ya Shaweji. Laini hiyo kampuni ya simu ilishampa mtu mwingine. Tatu akaipigia kwa simu yake mwenyewe, akaomba asomewe namba hiyo.

"Imeingia, mama," alisema mwanamume asiyemjua. "Lakini huku watu wanapiga kila siku wanamtaka Shaweji. Niwaambieje?"

Tatu alitazama kioo cha simu ya Shaweji. Sekunde za kibali zilikuwa zinayoyoma.

"Waambie ametoka kidogo."

"Haya, mama."

Muda wa namba ile ukaisha, haijasomwa. Hakuna aliyekata simu.