Kitundu cha Kupumulia

Mgeni alibisha hodi huku mikono yake ikinuka simsim iliyoungua.

"Mzee Fadhul iko?"

"Iko ndani. Mgonjwa," alijibu mwanamke aliyetoka, akikaza ushungi wake. "Mimi mke wake, Zulaika. Kuna nini?"

Mgeni alijitaja: Ondoga, dereva. Lori lake lilikuwa limesimama barabarani hapo Aroi, nyuma limefungwa tela lililojaa chumvi ya kupeleka Koboko. Tangu Arua giaboksi ilikuwa ikifuka moshi, na sasa gia zimekataa kuingia.

"Gari ikifia hapa, tajiri ananifukuza," alisema. "Ameshaniambia hii ni mara ya mwisho. Niko na watoto watano, mama."

Zulaika alinusa hewa, kisha akaingia chumbani. Mlango ulibaki wazi kidogo. Ondoga alisikia kikohozi kirefu, kisha sauti nyembamba, kisha kicheko kilichogeuka tena kuwa kikohozi. Moyo ukamtulia. Kutoka Vurra mpaka Koboko, madereva walisema hakuna giaboksi iliyowahi kumshinda mzee huyu.

Zulaika alirudi na kopo mikononi. Alikuwa akitabasamu, ingawa kope zake zilikuwa na maji.

"Mzee anauliza, ulikuwa unasafiri au ulikuwa unakaanga vitumbua?"

Ondoga aliinamisha kichwa. Mwaka ule wa 1977 mafuta ya gia hayakupatikana madukani, na madereva walijazia chochote kilichoteleza. Yeye alikuwa amejazia mafuta ya simsim.

"Anasema tia mawe kwenye magurudumu, ufungue tela. Hayo mafuta yamwage yote yangali moto, usingoje yapoe. Osha kwa dizeli, halafu tia haya. Ni mafuta yenyewe, kopo la mwisho. Alikuwa ameyaficha chini ya kitanda."

"Na yeye je, akipata kazi?"

"Amesema ni yako."

Ondoga alilala chini ya lori, akafanya kama alivyoambiwa. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, mazito kama uji wa jana. Alipomaliza kujaza mapya, alipanda, akaendesha lori bila tela mpaka kwenye kijito na kurudi. Gia ziliingia vizuri. Lakini aliposhuka na kuchungulia, aliona mafuta mapya yakichuruzika ubavuni mwa giaboksi, tone baada ya tone, ardhini.

Alikimbia tena nyumbani kwa mzee.

"Mama, inavuja! Niingie nimuulize mwenyewe?"

"Hapana. Amechoka. Nitamuuliza mimi."

Safari hii alifunga mlango nyuma yake. Ondoga alisubiri. Hakusikia kikohozi. Pengine dawa imemsaidia, aliwaza, akamfurahia mzee wa watu. Kuku wawili walipita mlangoni, wakarudi, wakapita tena.

Mwishowe Zulaika alitoka. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Anasema," alianza, akaukaza tena ushungi wake. "Anasema tazama juu ya giaboksi. Kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Kimezibwa na matope. Joto likikosa njia, linasukuma mafuta nje. Kizibue kwa waya."

Ondoga aliingiza waya. Giaboksi ilitoa pumzi moja ndefu ya moto usoni mwake, na matone yakakoma.

Alifunga tela akiwa anaimba. Kisha akanawa mikono, akaja kumshukuru mzee. Zulaika alikuwa amesimama mlangoni, akiuziba mlango wote.

"Mwache tu," alisema. "Sikiliza. Kilimani shika gia ndogo tangu chini. Kila maili kumi simama, weka kiganja juu ya giaboksi, uhesabu mpaka kumi. Ukishindwa kufika kumi, usiende na mzigo."

"Mzee ndiye kasema?"

"Ndivyo anavyowaambia madereva wote."

Akampa karatasi ya daftari, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wala haikukunjwa. "Mpe mwanetu Lukumani. Ni fundi wa pikipiki, sokoni Koboko. Imfikie kabla ya alasiri. Niahidi."

"Nimeahidi, mama."

Lori lilipanda kilima taratibu. Zulaika alibaki uani, kiganja mdomoni, akilisikiliza.

Karatasi ilisafiri mbele ya usukani, wazi, ikitetemeka. Ondoga alisoma shule ya misheni. Kwake herufi zile zilikuwa kama nyayo za ndege mchangani.

Maili chache kabla ya Koboko, alisimama na kuweka kiganja. Moja, mbili, tatu, nne. Akakiondoa. Akiingoja ipoe, alasiri ingepita. Alilitazama tela, akamkumbuka tajiri. Halafu akalikumbuka kopo. Akafungua tela, akaliacha ukingoni mwa barabara na chumvi yote ya tajiri, akaondoka.

Alimkuta Lukumani amechuchumaa kando ya pikipiki. Kijana alifuta mikono, akapokea karatasi, akasoma huku midomo ikicheza. Kisha akakaa chini, kwenye vumbi.

"Inasema nini?" Ondoga aliuliza.

Lukumani alirudia tangu mwanzo, kwa sauti.

"Mwanangu, baba yako ametutoka kabla sijamuuliza kwa nini mafuta yanavuja. Hilo nimelijibu mwenyewe. Aliponipa kopo aliniapisha kwamba hata akifa, mgeni asijue, asije akaacha kazi yake ili akae matangani, na nisilie mpaka lori limalize kilima. Njoo tumzike leo. Nakuandikia sijalia bado. Namsikia dereva nje, anafunga tela, anaimba."